Kitoe kabatini kwanza kile kitovu cha zamani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nyumbani nilikuwa na kitovu cha kampuni moja kilichoendesha taa na vihisi vyote kwa miaka minne. Mwezi uliopita nimehamia Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, kwenye kompyuta ndogo, nikanunua adapta ya USB ya Zigbee na nyingine ya Z-Wave, zile aina mbili za redio ambazo vifaa vyangu vingi huongea. Kitovu cha zamani nimekichomoa na kukifungia kabatini. Tangu hapo ni vurugu. Balbu tisa za Zigbee: nne zimekubali, tano za Philips Hue zimegoma, nimewasha na kuzima swichi mpaka kidole kimeuma. Vihisi sita vya milango: nikibonyeza kitufe vinapepesa mara moja halafu kimya, na viwili vilivyoonekana vimeandikwa “hakijulikani”. Swichi mbili za ukutani za Z-Wave hazionekani kabisa. Soketi tatu za Wi-Fi zinafika hatua ya mwisho kisha zinashindwa. Plagi moja ya Matter, kile kiwango cha pamoja cha makampuni mengi, inakataa msimbo uliochapwa kwenye mwili wake yenyewe. Je, nimeuziwa adapta mbovu?

JIBU: Adapta zako ni nzima, ndugu yangu, na vifaa vyako pia. Redio ya Zigbee ingekuwa mbovu, hata balbu moja isingekubali, nawe umepata nne. Kwa hiyo kabla hujarudisha kitu dukani, fungua hilo kabati, toa kitovu cha zamani, kichomeke kwenye umeme. Tunakihitaji kikiwa hai kwa jioni moja.

Neno kuoanisha limetoka kwenye kuoana, na hapo hapo ndipo lilipo jibu lako. Kifaa cha Zigbee kikishajiunga na mtandao, huandika kwenye kumbukumbu yake utambulisho wa mtandao huo, chaneli unayotumia, na ufunguo wa siri wa biti 128 unaofunga kila ujumbe. Maandishi hayo hayafutiki kwa kukata umeme wala kwa kutoa betri. Wewe umechomoa kitovu, lakini kwa upande wa kifaa hakuna kilichovunjika: mwenzake amesafiri, atarudi. Ukikileta mbele ya kitovu kipya kinakutazama kama mtu mwenye ndoa yake anavyomtazama mshenga aliyekosea nyumba. Kwanza itolewe talaka, na mwenye kuitoa umemfungia kabatini.

Karibu kila dalili uliyoniandikia ni talaka isiyotolewa. Nitaanza na balbu, kwa sababu zile tano zilizogoma ndizo zinazoshikilia na vihisi vyako.

Kwenye Zigbee, kitovu ndicho kinachoanzisha mtandao na kugawa ufunguo. Vifaa vinavyokula umeme wa ukutani, yaani balbu, plagi na swichi nyingi, hufanya kazi ya ziada ya kupokea ujumbe wa jirani na kuusogeza mbele, tuviite vipitishaji. (Swichi zinazofungwa bila waya wa nyutro mara nyingi hazimo kwenye kundi hili, usizitegemee.) Vifaa vya betri viko mwisho wa mnyororo. Vinalala karibu muda wote, na kila kimoja kina mlezi mmoja, ama kitovu ama kipitishaji, anayekitunzia ujumbe wake kikiwa usingizini.

Sasa tazama ulichokiacha nyuma. Kitovu kimeondoka, lakini balbu tano bado zina ufunguo wa zamani, bado zinapata umeme, na bado zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Mtandao wa zamani haujafa. Umekatwa kichwa tu, kiwiliwili kinatembea. Unapobonyeza kihisi cha mlango kwa muda mfupi, kinamwita mlezi wake; balbu fulani inajibu “nipo”; kihisi kinapepesa mara moja na kurudi kulala. Kwenye vihisi vingi mpepeso ule mmoja ndio ukaguzi wa mawasiliano, na maana yake ni kwamba kwake yeye mambo ni shwari. Wewe umesoma “nimeshindwa”, kumbe kinasema “niko salama, sihitaji mwenyeji mwingine”.

Kwa hiyo jioni hiyo moja iwe hivi. Washa kitovu cha zamani, kisubiri dakika kumi au zaidi kijikusanye na kuwaona watu wake. Kisha fungua programu yake ya simu na ufute balbu zile tano moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imewashwa. Unapofuta, kitovu hutuma amri ya kuondoka. Balbu ikiipokea hufuta ufunguo wake na kuwa kama imetoka kwenye boksi. Hiyo ndiyo talaka halali. Kuna programu ambazo kifaa kikichelewa kujibu hukupa kitufe cha kufuta kwa nguvu. Usikiguse. Kufuta kwa nguvu kunaondoa jina kwenye daftari la kitovu tu, kifaa chenyewe hakipati habari, na baada ya hapo umebaki na kifaa kinachomlilia mtu aliyekwisha kumsahau.

Ule mchezo wa kuwasha na kuzima swichi ni wa kweli, ila si wa kila balbu. Balbu za IKEA huwekwa upya kwa kuwashwa na kuzimwa mara sita mfululizo, na za makampuni mengine mengi ziko hivyo hivyo, mara tano au sita. Balbu za Hue hazina utaratibu huo hata kidogo, ndiyo maana kidole kimeuma bure. Kitovu cha zamani kikikataa kabisa kuwaka, njia iliyobaki ni rimoti ya Hue ya kupunguzia mwanga, ile ya toleo la kwanza yenye kitufe cha kuwasha na cha kuzima mbalimbali: isogeze karibu kabisa na balbu iliyowashwa, shikilia kitufe cha kuwasha na cha kuzima kwa pamoja kwa sekunde kama kumi mpaka balbu ipepese. Zima balbu nyingine zilizo jirani kwanza, usije ukampa talaka asiyehusika. Zaidi ya hapo, kila balbu ya Hue ina namba ya herufi sita imechapwa kwenye mwili wake. Ukimpata mtu mwenye kitovu cha Hue, unaiingiza namba hiyo kwenye programu yake, balbu inajiunga kwake hata kama ilikuwa kwingine, kisha mnaifuta kwa utaratibu.

Balbu zikishakuwa huru, usikimbilie vihisi. Oanisha kwanza kila kinachokula umeme wa ukutani, ukianzia karibu na adapta na kwenda nje kidogo kidogo, maana kila balbu inayokubali inakuwa ngazi ya inayofuata. Nimeona watu wengi wakianza na vihisi kwa kuwa ni vidogo na vinabebeka mezani. Wanaviweka vyote sita juu ya meza kando ya kompyuta, vinakubali kwa dakika tano, wanafurahi, wanavirudisha milangoni, na kesho yake vinne vimepotea. Kihisi kilichooana mezani kimemchukua kitovu kuwa mlezi wake. Vingi vya kisasa vikipelekwa mbali hutafuta mlezi mpya, lakini viko vya kizazi cha zamani, hasa vya bei rahisi, vinavyong’ang’ania mlezi wa kwanza hata kama hawasikii tena. Kiasi unachoweza, oanisha kihisi pale pale kitakapoishi. Home Assistant pia inakuruhusu kufungua mlango wa kujiunga kupitia kipitishaji kimoja unachokichagua, kwa mfano balbu ya chumba hicho hicho, na kwa kihisi mkaidi hiyo ni dawa nzuri.

Mlango huo wa kujiunga, kwa kanuni za Zigbee, ukifunguliwa kwa muda maalumu hauzidi sekunde 254, chini kidogo ya dakika nne na robo. Ukifungua, ukaenda kutafuta ngazi, ukapanda kufungua kifuniko cha taa, ukirudi umefungwa na hakuna atakayekuambia. Andaa kila kitu kwanza ndipo ufungue. Na uhakikishe kitovu cha zamani hakiko kwenye hali ya kuoanisha wakati huo huo. Hili naliandika kwa aibu: niliwahi kumaliza nusu usiku nikihangaika na kihisi kimoja cha mwendo ambacho kila nikikiweka upya kinapepesa vizuri, kinatulia, lakini kwangu hakionekani. Kumbe nilikuwa nimeacha kitovu kingine cha majaribio kikiwa wazi kwenye chumba cha pili, nacho kinakipokea kila mara kwa mikono miwili.

Tuje kwenye vihisi vyenyewe. Kubonyeza kwa muda mfupi si kuweka upya. Vihisi vingi vinataka ushikilie kitufe kwa sekunde tano hadi kumi, mpaka taa ibadili mpepeso wake, ndipo vifute ufunguo na kuanza kutafuta mtandao ulio wazi. Kama kitovu cha zamani kipo hai, ni vizuri zaidi ukivifuta huko kwa utaratibu, ila hapa kuna mtego: kihisi kimelala. Amri ya kuondoka inakaa kwa mlezi sekunde chache tu, kwa kawaida saba na ushee, na kihisi kisipoamka kuichukua inatupwa. Basi bonyeza kitufe cha kihisi kidogo kukiamsha, fuata mara moja kwa kufuta kwenye simu, bonyeza tena. Inataka mikono miwili na uvumilivu kidogo.

Vile viwili vilivyoandikwa “hakijulikani” wala havijagoma. Vimeolewa lakini havijatambulishwa ukweni. Kujiunga kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kupewa ufunguo, inaisha upesi. Ya pili ni mahojiano: kitovu kinamuuliza mgeni jina la mtengenezaji, aina yake, anapima nini, anatumia betri gani. Maswali ni mengi, na kihisi cha betri kimezoea kulala baada ya sekunde chache. Kikilala katikati ya mahojiano, kitovu kinabaki na anwani isiyo na jina. Dawa ni kukifuta, kukiweka upya, na mara taa inapoanza kupepesa uendelee kugonga kitufe kwa wepesi kila sekunde moja hivi mpaka uone jina kamili. Kugonga, si kushikilia. Ukishikilia utakiweka upya tena.

Na betri. Betri ya kidonge aina ya CR2032 ni ya volti 3, na ikipimwa bila mzigo inaweza kuonyesha karibu namba hiyo hiyo hata ikiwa imechoka. Redio inapotuma ndipo inavuta mkondo mkubwa kwa ghafla na volti zinaporomoka. Kihisi kilichokuwa kikituma ujumbe mmoja kwa saa kinaweza kuendelea kuishi na betri hiyo kwa miezi, lakini kuoanisha ni kazi nzito ya kutuma na kupokea mfululizo, na hapo ndipo inazimia. Vihisi vya miaka minne? Weka betri mpya kabla ya kuanza, hata kama programu inakuambia zimebaki asilimia 60. Asilimia zile sijawahi kuziamini.

Hujaniambia adapta ya Zigbee umeichomeka wapi, lakini ninakisia: moja kwa moja nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la USB la bluu. Tundu la bluu kwa kawaida ni la USB 3.0, na hilo likifanya kazi, hasa likiwa na diski, hutoa kelele za redio ndani ya masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo Zigbee inatumia. Intel walilichapisha jambo hili mwaka 2012, si uzushi wa mafundi. Chukua waya wa kurefusha USB wa mita moja au zaidi, uchomeke kwenye tundu la USB 2.0, uitoe adapta mbali na kompyuta, mbali na diski na mbali na ruta ya Wi-Fi. Ungekuja kwangu na tatizo lolote la Zigbee bila kunieleza chochote, ningeanza na waya huo.

Chaneli nayo iamue sasa, kabla hujaoanisha vyote. Zigbee ina chaneli 16 kwenye gigahezi 2.4, kuanzia 11 hadi 26, na namba zake hazilingani na za Wi-Fi. Chaneli 1 ya Wi-Fi inalala juu ya 11 hadi 14 za Zigbee, ya 6 inalala juu ya 16 hadi 19, ya 11 juu ya 21 hadi 24. Nyufa zinazobaki ni 15, 20 na 25, pamoja na 26 ambayo vifaa vingi huitumia kwa nguvu iliyopunguzwa, kwa hiyo mimi siichagui. Tazama ruta yako iko chaneli gani, uifungie hapo isihamehame yenyewe, kisha chagua ufa ulio mbali nayo. Ukibadilisha chaneli ya Zigbee baadaye, vifaa vya umeme kwa kawaida vinafuata, lakini vihisi vilivyokuwa vimelala tangazo likitolewa vinaweza kuachwa kituoni, na utarudi kuvioanisha upya kimoja kimoja. Kumbuka pia kwamba mpaka balbu ya mwisho ya zamani iachwe, mtandao ule wa zamani unaendelea kuongea kwenye chaneli yake.

Niseme jambo moja kwa ajili yako wa kesho. Ungekuwa unatoka kwenye adapta moja kwenda nyingine, si kwenye kitovu kilichofungwa cha kiwandani, usingehitaji kuoanisha chochote. Home Assistant yenyewe, na hata Zigbee2MQTT, programu nyingine ya kuendesha mtandao wa Zigbee, huweza kuhifadhi nakala ya mtandao mzima: ufunguo, utambulisho, chaneli na anwani ya adapta, kisha kuvipandikiza kwenye adapta mpya. Vifaa haviambiwi kitu. Vinaamka asubuhi na kumkuta mwenzao yule yule, sura tu imebadilika. Sharti ni kwamba adapta ya zamani isiwashwe tena ikiwa na utambulisho ule, maana wakuu wawili wenye jina moja ndani ya mtandao mmoja huleta hitilafu ambazo hata kuzieleza ni shida. Kitovu chako cha zamani, kama vingi vya namna yake, hakitoi ufunguo wake, kwa hiyo safari hii huna njia ya mkato. Lakini ukimaliza kazi yote hii, chukua nakala hiyo siku hiyo hiyo na uiweke nje ya kompyuta.

Swichi za Z-Wave ni kisa chepesi zaidi, ingawa kwako zimeonekana ndizo ngumu kuliko zote. Kifaa cha Z-Wave kikishapewa namba ndani ya mtandao hakijibu tena mwito wa kujiunga na mtandao mwingine. Kinakaa kimya kabisa, ndiyo maana huoni hata dalili. Ila Z-Wave ina uungwana mmoja ambao Zigbee haina: kadhi yeyote anaweza kutoa talaka, hata asiyefungisha ndoa. Huhitaji kitovu cha zamani. Kwenye kitovu chako kipya, chagua kuondoa kifaa badala ya kuongeza, nenda kwenye swichi, bonyeza kama kijitabu chake kinavyosema. Nyingi zinataka mara moja au mara tatu kwa haraka. Kitovu kitakuambia kuna kifaa kimeondolewa, ingawa hakikuwahi kuwa chake. Hapo sasa rudi kwenye kuongeza, bonyeza tena vile vile, na swichi itaingia. Mimi hufanya hivi hata kwa kifaa kipya kilichotoka kwenye boksi lililofungwa, kwa kuwa vingine hujaribiwa kiwandani na kusahaulika ndani ya mtandao wa majaribio.

Wakati wa kuongeza huenda ukaombwa tarakimu tano. Hizo ni tano za mwanzo katika ile namba ndefu ya tarakimu 40 iliyo kwenye lebo ya kifaa, kwa sababu vifaa vilivyopewa cheti tangu 2017 vinatakiwa kuwa na usalama wa S2, yaani ufunguo wa siri wa Z-Wave unaofunga ujumbe. Ukikosea, au muda ukaisha ukiwa bado unatafuta miwani, kifaa kinaweza kuingia bila usalama wowote. Kwa swichi ya taa utaona inafanya kazi tu na hutajali. Kwa kufuli la mlango amri zote zitakataliwa. Usalama hauongezwi baadaye: unaondoa, unaongeza upya, unaandika tarakimu sahihi. Piga picha lebo zote kabla ya kurudisha swichi ukutani, usije ukalazimika kuzifungua tena.

Kama swichi hazijibu hata kwenye kuondoa, sogeza adapta karibu nazo, mita moja au mbili, kisha ukague eneo la masafa. Z-Wave haitumii masafa mamoja duniani: Ulaya ni megahezi 868.4, Marekani 908.4, Australia 921.4, na adapta ya eneo moja haiwezi kabisa kusikia kifaa cha eneo jingine. Adapta za kizazi cha 700 na 800 huweza kubadilishwa eneo kwenye mipangilio ya programu, na nyingine hufika zikiwa na eneo lisilo lako. Za zamani zaidi haziponi; unabadilisha adapta. Na kila jaribio lililofia njiani linaweza kuacha mzimu, namba isiyo na mwenyewe ambayo kitovu kinaendelea kuiita na kujichelewesha. Ondoa mizimu hiyo kwenye orodha kabla ya kuendelea.

Soketi za Wi-Fi. Kwa kuwa zinafika hatua ya mwisho, nenosiri lako ni sahihi na soketi zimeingia kwenye Wi-Fi. Zinazuiwa mlangoni mwa mtengenezaji: kwenye seva yake bado zimeandikwa kwa akaunti uliyotumia zamani. Ingia kwenye akaunti ile ile, uzifute huko, ziweke upya, uanze tena. Zingekuwa zinakwama mwanzoni ningekuambia mambo mengine: kwamba soketi nyingi za aina hii zinajua gigahezi 2.4 pekee huku simu yako iko kwenye 5, au kwamba ruta imewekwa kwenye WPA3 pekee, ule ulinzi mpya wa Wi-Fi ambao vifaa vingi vya zamani havijui. Moja la kukagua hata sasa ni mtandao wa wageni. Ukiziweka soketi huko, ruta kwa kawaida huvitenga vifaa visionane, na Home Assistant iliyo kwenye mtandao mkuu haitaziona hata zikiwaka.

Imebaki plagi ya Matter, ambayo ndiyo pekee kati ya vifaa vyako iliyoruhusiwa mitala. Kiwango hiki kilitoka 2022, na kinataka kila kifaa kiweze kuwa chini ya mifumo mitano kwa wakati mmoja. Usikiweke upya. Msimbo uliochapwa mwilini unatumika kifaa kikiwa hakina mwenyewe. Kikishajiunga mahali, mlango unafunguliwa kutoka ndani. Fungua programu ya zamani, tafuta sehemu ya kushiriki kifaa au kuongeza mfumo mwingine, nayo itakupa msimbo mpya wa tarakimu 11 unaodumu dakika 15 kwa wingi. Uingize kwenye mfumo mpya, umemaliza. Tazama boksi la plagi pia. Likiwa na nembo ya Thread, aina nyingine ya redio inayobeba Matter, plagi hiyo haiongei na Wi-Fi moja kwa moja. Inapitia ruta ya mpaka ya Thread, yaani kifaa kinachounganisha Thread na mtandao wako wa nyumbani, na yawezekana ruta hiyo ilikuwa ndani ya kitovu kile kile ulichokifungia. Katika hali hiyo kikirudi kabatini plagi itakosa njia tena, kwa hiyo ni lazima uwe na ruta ya mpaka nyingine kwenye mtandao ule ule wa Thread, au basi tu uiweke plagi upya na kuianzisha kwenye mtandao mpya. Na kama uliwahi kuzima IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za mtandao, kwenye ruta ya Wi-Fi kwa ushauri wa mtu, iwashe. Matter haiendi bila hiyo.

Ukishamaliza, acha kila kitu usiku mzima bila kugusa. Vihisi vingi huripoti kila baada ya saa kadhaa, na kipya kinaweza kuonekana kimekufa kumbe kimelala. Asubuhi ndipo uhesabu. Kikikosekana kimoja, niandikie aina yake na jinsi taa yake inavyopepesa unaposhikilia kitufe: mara ngapi, kwa kasi gani, rangi gani. Hayo yananisaidia kuliko picha ya skrini.

Kitovu cha zamani nacho, baada ya kifaa cha mwisho kutoka, kifute kwenye akaunti yako na ukiweke upya kabla ya kumpa mtu. Usipofanya hivyo, swali litakalofuata litakuwa lake.